Mama Alivyosoma Bahasha ya Dawa

Mama yangu ndiye msomaji mzuri kuliko wote niliowahi kuwasikia. Naanza na hilo kwa sababu nimeliamini tangu utoto, na hata sasa ninapoandika sijui kama niendelee kuliamini au niliache. Kila Alhamisi baada ya magharibi alikuwa anatandika mkeka sebuleni, pale nyumbani kwetu Mlingotini, anafungua msahafu juu ya kibao chake cha marufaa na kusoma Yasini. Kidole kilitembea kutoka kulia kwenda kushoto, mwili ukiyumba kidogo, na sauti ilitoka laini, haina kikwazo. Sisi watoto tulikatazwa kupita mbele yake. Hata kuku walikuwa kama wamekatazwa.

Na mama huyohuyo, kwa hesabu za serikali na za dunia nzima, ni mtu asiyejua kusoma.

Hilo nilielezwa kwenye semina. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mapinga, na mwaka mmoja tuliitwa walimu kadhaa Dar es Salaam tukafundishwe namna ya kuendesha madarasa ya kisomo kwa watu wazima. Tulipewa fulana, chai, na maandazi yaliyopoa. Mwezeshaji alisema duniani kote bado wako watu wazima wengi mno wasiojua kusoma wala kuandika. Kwamba asiyesoma hajui haki yake, hawezi kusoma hata maelezo ya dawa yake mwenyewe. Kwa hiyo kila mmoja wetu arudi kwao akawatoe watu gizani. Nikakasirika. Giza gani? Mama yangu ameolewa, amezaa, amezika, amelima mwani baharini mpaka magoti yakagoma, na kila Alhamisi anasoma. Nilitaka kunyoosha mkono nimwambie yule bwana aje kwetu Alhamisi moja asikilize.

Lakini neno la dawa lilinikaa. Mama ana presha, na tangu baba afariki anaishi peke yake. Vidonge vyake alikuwa anavitambua kwa rangi. Duka likiishiwa vyeupe likampa vya manjano, ananipigia simu, na kama niko darasani simu yangu iko kwenye mkoba, imezimwa. Mwezeshaji na giza lake walikuwa wameniudhi, na wakati huohuo walikuwa wamesema kweli. Nilirudi Mapinga na fulana yangu nimeshaamua kwamba nitafungua darasa Mlingotini, na mwanafunzi wangu wa kwanza atakuwa mama.

Wanafunzi wengine walikuwa akina mama wenzake wa mwani. Nilipanga tukutane kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye kibanda wanachohifadhia mwani mkavu. Jumamosi ya kwanza walikuja wengi, nadhani kwa udadisi wa kumwona mtoto waliyemfuta kamasi akiwafundisha. Jumamosi iliyofuata nikakuta benchi tupu na mbuzi mmoja. Nilipandwa na hasira. Nikaenda nyumbani nikimlalamikia mama kwamba watu wa kwetu hawapendi maendeleo, ukiwaletea elimu mpaka mlangoni wanakimbia.

Mama alikuwa anamenya mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Leo bamvua, mwanangu," akasema. "Maji yametoka mpaka kule. Mwani haumsubiri mwalimu. Wewe si umezaliwa hapahapa?"

Nilinuna, lakini nilikuwa nimeshikwa pabaya. Siku za bamvua bahari inakupwa mbali, na hapo ndipo wanawake wanaposhuka kufunga kamba na kuvuna. Siku za maji mafu bahari haitoki, nao wako nyumbani. Kila mtoto wa Mlingotini anajua hilo, ila mimi nilikuwa nimeshazoea kupanga siku kwa kalenda ya ukutani. Basi Jumamosi za bamvua tukaziacha, tukawa tunakutana za maji mafu.

Siku ya kwanza ya darasa la kweli niliandika silabi ubaoni, nikaanza kueleza kama nilivyofundishwa semina. Walinitazama kwa heshima kubwa na hawakuelewa kitu. Mwishowe jirani yake mama, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo, akasema, "Mwalimu, mbona unatuchosha? Soma wewe, sisi tufuate."

Nikasoma. Wakafuata, wote kwa sauti moja, miili ikiyumba. Walikuwa wamekaa vilevile walivyokaa utotoni chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani: mwalimu anatoa, mwanafunzi anapokea, anarudia mpaka limekaa, na kidole hakiondoki kwenye kitabu. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Sikuona ubaya wowote, nikaona hata raha, maana darasa lililokuwa limelala limeamka.

Baada ya hapo walikwenda kwa kasi iliyonishangaza. Kitabu chetu kilikuwa chembamba, cha picha na sentensi fupi: mama analima, baba anavua, kuku ametaga, mvua inanyesha. Kila tulipokutana walikuwa wameshapita pale nilipowaachia, kwa sababu walikuwa wanasomeana huko mwanini. Kidole kiko kwenye mstari, ukurasa unafunuliwa mahali pake. Mama alikuwa hodari kuliko wote. Kwa ajili yake niligundisha karatasi kwenye ukurasa wa mwisho wa kila kitabu, nimeandika maneno yaliyokuwa kwenye bahasha ya dawa yake: Kidonge kimoja asubuhi, kidonge kimoja jioni, baada ya chakula. Wengi wao wana presha, nikaona litawafaa wote.

Kitabu kilipokwisha wakasema lazima tuhitimu. Chuoni mtoto akimaliza msahafu anavalishwa nguo mpya, wazee wanaitwa, watu wanakula. Mama alihitimu akiwa msichana, na babu alichinja mbuzi. Hadithi ya mbuzi yule tumeisikia mpaka tumeichoka. Sasa wakataka na kitabu changu cha kuku ametaga kihitimiwe vivyo hivyo. Walipika pilau, wakafukiza udi, wakavaa khanga mpya za kufanana. Wakasoma kitabu kizima kwa kupokezana, kutoka jalada mpaka jalada, hakuna aliyekwama. Mama akamalizia ukurasa wa dawa, na badala ya kitabu alishika bahasha yake yenyewe, akaisoma mbele ya watu, kidole chini ya maneno. Vigelegele vikapigwa. Nililia machozi ya kweli, na pua ikachuruzika juu ya fulana ya semina.

Yaliyofuata yalikuwa mambo ya kawaida kabisa. Nilimpeleka mama hospitali Bagamoyo, daktari akaona presha haishuki, akasema tumbadilishie dawa. Hospitalini dawa yenyewe ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nilikuja kuinunua siku ya pili yake kwenye duka la dawa huku Mapinga. Ilikuwa dawa kali kuliko ile ya zamani. Mama alitakiwa anywe nusu kidonge, asubuhi tu. Muuzaji akataka kuandika kwa namba na alama kama wanavyofanya wauzaji wengi. Nikamwambia, kwa maringo ninayoyakumbuka, "Andika kwa maneno. Mama yangu anasoma." Akaandika: Nusu kidonge asubuhi tu. Akatia vidonge kwenye bahasha, nami nikaituma kwa kijana wa bodaboda.

Mume wangu aliniuliza kwa nini nisimpigie mama nikamweleza kwa mdomo. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama kila kitu nitamweleza kwa mdomo, basi darasa lilikuwa la nini, na pilau ilikuwa ya nini.

Jioni nilimpigia mama nikamwuliza kama dawa imefika.

"Imefika."

"Umesoma bahasha?"

"Nimesoma, mwanangu. Neno kwa neno."

Nikalala na moyo mweupe.

Hazikupita siku nyingi jirani akanipigia. Alikuwa analia na kupiga kelele, nikashindwa kuelewa, nikadhani mama amekufa. Mama alikuwa uani anapepeta mchele, akasimama kwenda kuchukua sufuria, akaanguka. Walimpakia kwenye bajaji wakampeleka Bagamoyo. Nilipofika nilimkuta amelala, dripu mkononi, midomo imemkauka, lakini macho yako wazi na ananitambua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Nesi akaniambia presha imeshuka mno. Akauliza amekunywa dawa gani na ngapi.

Jirani akadakia kabla yangu. "Anakunywa kama ilivyoandikwa! Wallahi nimemsikia kwa masikio yangu haya, kila akitaka kunywa anaishika bahasha anaisoma kwanza."

Bahasha ilikuwa kwenye pochi ya mama. Niliitoa, nikamwinamia, nikamwuliza taratibu, "Mama, hapa pameandikwaje?"

Akanyanyua mkono usio na dripu. Akaweka kidole mwanzo wa maneno na kuanza kukitembeza, na sauti yake, ingawa dhaifu, ilikuwa ileile ya Alhamisi, laini, haina kikwazo: "Kidonge kimoja asubuhi, kidonge kimoja jioni, baada ya chakula."

Kidole kilifika mwisho wa maandishi sauti ikiwa bado iko kwenye jioni. Kikasimama pale pembeni ya karatasi, kikaisubiri sauti imalize chakula, ndipo kikateremka.

Nesi alinitazama. "Mama hajui kusoma?"

Sijawahi kuulizwa swali jepesi nikashindwa namna ile.

"Najua," mama akasema kutoka kitandani.

Nesi alipoondoka nilimwonyesha. Nikamwambia hapa pameandikwa nusu. Akauliza wapi. Nikaweka ukucha chini ya neno. Akalitazama muda mrefu, uso wake wala hauna aibu, una mshangao tu.

"Hapo ulinifundisha kidonge kimoja," akasema.

"Hiyo ilikuwa bahasha nyingine, mama."

"Bahasha si ndiyo hii hii?"

Ilikuwa kweli. Bahasha za dawa zote zinafanana, ndogo, nyeupe, zina mistari ileile iliyochapwa. Nikamweleza kwamba bahasha ni ya aina moja, lakini maandishi yamebadilika.

"Maandishi yanabadilika?"

Aliuliza kama mtu anayeambiwa kwamba kibla kimehamishwa. Nikafungua mdomo nimjibu kuwa bila shaka yanabadilika, ndiyo kazi yake, nikaufunga. Kitabu alichosoma maisha yake yote hakibadiliki. Alisomea kwenye msahafu wa baba yake, ukachakaa. Baba yangu akamletea mwingine kutoka Unguja. Mimi nikamnunulia wa tatu wenye herufi kubwa. Yasini ilikuwa ileile kwenye yote mitatu. Msomaji mwema kwa mama ni yule anayelibeba neno alilopewa na mwalimu wake bila kulidondosha wala kulibadilisha. Nami nilimpa neno, alilibeba kwa uaminifu, na lilitaka kumwua.

Alipotoka hospitali nilimwambia atahamia kwangu Mapinga. Sikumwuliza, nilimwambia. Mama aliwahi kukaa kwetu wiki moja, na wiki ile najua aliihesabu. Mtaa wetu ni wa viwanja vilivyonunuliwa na watu wanaofanya kazi mjini. Kila nyumba ina ukuta, na majirani tunatambuana kwa honi za magari. Mama alikuwa anakaa barazani anamtazama mlinzi wa nyumba ya pili, mlinzi anamtazama yeye. Hakuna wa kuazimana naye ungo. Hakuna maulidi ya akina mama, hakuna wa kumwuliza maji yametoka au yamejaa.

"Nikija huko nitakufa vizuri," akasema. "Hapa nitakufa vibaya, lakini nikiwa hai."

Mpaka leo sijaielewa sentensi hiyo, lakini ilinichoma.

Tulikubaliana hivi: atabaki kwake mpaka Ramadhani inayokuja. Kila asubuhi nitampigia nimwambie nusu. Jumamosi za maji mafu nitakwenda kumfundisha upya. Mwezi ukiandama kabla hajaweza kusoma bahasha asiyoijua, anafunga mzigo anakuja Mapinga bila maneno.

Jumamosi ya kwanza nilianza na kitabu chetu, nikafungua katikati. Akaniomba tuanze mwanzo. Nikakataa. Akajaribu, akashindwa, akarudi mwenyewe kwenye mama analima, na kutoka pale akatiririka mpaka tulipotaka. Hasira zilinipanda, za kipumbavu, za mwalimu aliyepoteza pilau yake. Nikakigeuza kitabu kichwa chini miguu juu mikononi mwake. Hakusimama. Kidole kilikwenda, kuku akataga, mvua ikanyesha. Kisha akanyamaza, akaniangalia.

"Umenigeuzia kitabu," akasema.

"Nimekugeuzia."

"Kwa nini unanigeuzia kitabu, mwanangu?"

Nikaomba radhi nikakigeuza.

Nilitafuta kitu ambacho hajakikariri. Nikaleta pakiti ya chumvi, kiberiti, sabuni. Vyote alivijua kwa picha, akanisomea jina kabla sijamaliza kuviweka mezani. Nikafungua sanduku lake la khanga, nikasema haya, kila khanga ina maandishi yake, nisomee. Akasoma zote. Akasoma na zile zilizokunjwa, ambazo maandishi yalikuwa kwa ndani. Alikuwa anazijua kwa maua na pindo, tangu dukani, kama kila mwanamke wa pwani anavyozijua. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka, ingawa nadhani hakujua tunacheka nini. Mimi mwenyewe sikujua vizuri.

Usumbufu mkubwa ulikuwa nyumbani kwangu. Alhamisi moja nilikaa na msahafu wangu, nikaanza Yasini, kidole kikiwa kwenye mstari. Nikafika mahali nikajishtukia ninawaza karo ya shule, na macho yangu yako dirishani, na kidole kinaendelea, na sauti inaendelea. Nikafunika ukurasa kwa kiganja. Sauti haikukatika. Nikafungua sura nyingine nisiyoisoma mara kwa mara. Nikaanza kuunganisha herufi taratibu kama mtoto, nikaziweza, ila sikuelewa hata neno, kwa sababu Kiarabu sikijui. Basi ipi kati ya hizo mbili ni kusoma? Ile ninayoijua kwa moyo bila kuiangalia, au hii ninayoiangalia bila kuijua? Mimi nina cheti cha ualimu na nimeajiriwa kwa kazi hii. Nilikaa na swali hilo mpaka mume wangu akaja kuuliza kama leo hatuli.

Nilijaribu kumfikiria yule mwezeshaji. Mahali fulani kuna karatasi inayouliza huyu anajua kusoma, ndiyo au hapana, na mtu kama mimi ndiye anayetakiwa kuijaza. Nilizidi kuamini kwamba kazi ile ni ya lazima. Mama aliangukia mchele kwa kukosa neno moja la herufi nne. Sihitaji tena kuhubiriwa na mtu mwenye maandazi. Lakini nilizidi pia kuogopa kile nilichokuwa nafanya.

Njia niliyoipata ni ya kijinga: nikawa naandika sentensi zangu mwenyewe, mpya kila ninapokwenda, ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzisikia. Mbuzi wa shangazi amekula sabuni. Mkwe wangu anaogopa mjusi. Mama hakuweza kuzikisia. Ilibidi atazame. Alitazama herufi moja, akaitaja, akatazama ya pili, akasahau ya kwanza. Jasho lilimtoka. Mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akikwama alikwama kwenye mbuzi mpaka nikaona haya kumtazama. Jirani alikuja kuchungulia, akasikiliza kidogo, akaondoka bila utani, na yeye si mtu wa kuondoka bila utani.

"Nasoma kama mgonjwa," mama aliniambia siku moja.

"Ndiyo kusoma kwenyewe, mama."

Akanitazama. "Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa nafanya nini?"

Nikamwambia Kurani ni jambo jingine, kwamba mwenye kuihifadhi ana daraja yake, kwamba thawabu zake ziko palepale. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayekusanya nguo mvua ikianza.

"Sikukuuliza thawabu," akasema. "Thawabu anazijua Mwenyezi Mungu. Nimekuuliza kusoma."

Nikamwandikia sentensi nyingine.

Mwezi wa Shabani ukaenda mbio, Ramadhani ikakaribia. Kila nilipoondoka Mlingotini nilikuwa nahesabu vitu vyake vitakavyotosha chumba chetu cha nyuma: kitanda kitaingia, sanduku la khanga litaingia, kinu hakitaingia. Wiki ya mwisho nilikwenda kwa daktari peke yangu kuuliza kuhusu saumu, akasema mama anaweza kufunga, ila dawa ihame kutoka asubuhi iende kwenye kufuturu. Nikapita dukani. Muuzaji aliandika nilichomwambia, akaitia dawa kwenye bahasha nyeupe ileile yenye mistari ileile. Safari hii nilimwonya mama asinywe kitu mpaka nimpigie.

Nilimpigia alasiri. Nilimwambia, "Mama, nisomee." Sikusema lingine. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani.

Nilisikia karatasi ikikunjuliwa, nikasikia na pumzi yake.

"Nu," akasema. "Nu... nu-su. Nusu."

Nilikaa kitandani.

"Ki... kidonge. Nusu kidonge." Hapo palikuwa na njia mbili, najua, maana asubuhi tu ilikuwa imeshamkaa kichwani, kwa muda wote huo nilikuwa nikimwambia kila siku. Nilimsikia akivuta pumzi kuingia kwenye asubuhi. Akasita. "Si a. Hii si a. Wa... wa-ka... wakati. Wakati wa. Fu. Fu-ta..." Jogoo wa jirani akawika nyuma yake. "Fu-ta-ri. Futari?" Sauti yake ikapanda. "Mbona wameandika futari?"

"Kwa sababu mwezi unaandama wiki hii, mama! Daktari amesema uinywe ukifuturu!"

"Ala!" akasema. "Kumbe."

Nililia bila kujificha. Nilimwambia basi, utabaki kwako, sitakuhamisha, kitanda chako na kinu chako vibaki hapohapo. Akasema alhamdulillahi. Nikamwambia amesoma vizuri sana, sijawahi kusikia mtu akisoma vizuri namna ile.

"Vizuri wapi?" akasema. "Wewe umesikia nilivyobabaika. Zamani nilikuwa nasoma, watoto mnakatazwa kupita."

"Utazoea, mama."

"Labda." Kisha akashusha sauti, kama anayesema jambo ambalo hataki jirani alisikie. "Alhamisi nimekaa na Yasini. Jicho likasimama kwenye herufi, na sauti ikasimama. Nikarudi mwanzo. Ikasimama tena. Haijawahi kunitokea tangu nihitimu, Mungu shahidi yangu."

"Ukafanyaje?"

"Nikafumba macho, nikasoma. Siku hizi ndivyo nifanyavyo. Nafungua msahafu, naweka kidole, halafu nafumba macho."

Akaniaga, akasema anakwenda kuloweka maharage. Mume wangu, ambaye alikuwa bado mlangoni, akaniuliza kama mama ameweza kusoma.

Nikamwambia ndiyo, ameweza.